UZI: Tabia za mwanga kwa watoto wa shule. Mtoto aufuate mwanga, asikariri

Mwl Kandili (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha sayansi darasa la tano na la sita, na jioni nina vijana wa form one na two. Mada ya mwanga inawatesa bure. Wanakariri kwamba mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu, huakisiwa, hupinda, na mtihani wanapita vizuri tu. Sasa mwulize mmoja wao: kile kiti pale unakionaje? Atakutazama kama umechanganyikiwa. "Si nina macho?"

Tatizo limelala hapo hapo. Kichwani mwake jicho ndilo linalofanya kazi: linatoka, linakwenda kukigusa kiti, linarudi na habari. Msimcheke. Euclid na Ptolemy, wataalamu wa kale wa Kigiriki, nao walifundisha kwamba jicho hutoa miale. Aliyelivunja wazo hilo kwa hoja nzito ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra mwaka 965 hivi, aliyefanya kazi kubwa ya maisha yake Cairo. Moja ya hoja zake hata mtoto anaielewa: ukitazama kitu kikali kama jua, jicho linauma. Kama jicho ndilo linalotuma, mbona linaumia lenyewe? Maana yake kuna kitu kinaingia.

Kwa hiyo mimi darasani nina swali moja tu kwa kila jambo: mwanga umetoka wapi, umepitia wapi, umeingiaje jichoni? Kiti hakina mwanga wake. Mwanga umetoka kwenye jua, umeingia dirishani, umekigonga kiti, sehemu yake imeruka ikaja jichoni. Basi. Mtoto akishazoea kuufuata hivyo, tabia nyingine zote anazipata mwenyewe.

Nianze na mstari mnyoofu. Vitabu vinasema chukua kadi tatu zenye matundu, uzipange mbele ya mshumaa. Sawa, inafanya kazi, ila inachosha. Mimi nawatoa nje saa sita mchana chini ya mwembe. Tazameni chini kwenye kivuli: kuna vidoa vya mwanga vimetapakaa, na vingi ni vya duara. Halafu tazameni juu: mianya kati ya majani ni ya duara? Hata kidogo, ina pembe na mikunjo ya kila namna. Duara linatoka wapi? Linatoka kwenye jua lenyewe. Kila mwanya mdogo unapitisha miale iliyonyooka na kuichora sura ya jua ardhini. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, pale Rujewa, Mbarali, watu waliona pete angani. Sisi tuliokuwa mbali na njia ile tulipata kupatwa kwa sehemu tu, lakini chini ya miti vile vidoa vyote viligeuka kuwa hilali ndogo ndogo.

Ukishaona hilo, kamera ya tundu ni kazi ya dakika chache. Boksi la viatu, upande mmoja toboa kwa pini, upande wa pili kata dirisha na ubandike karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia. Jifunike kanga kichwani, elekeza tundu kwenye mlango wenye mwanga. Mtu aliyesimama mlangoni utamwona kichwa chini miguu juu, kwa sababu mwale wa kichwani ukinyooka kupitia tundu lazima utue chini, na wa miguuni utue juu. Panua tundu: picha inang'aa zaidi lakini inakuwa na ukungu. Mwache mtoto aeleze kwa nini.

Kuakisi sina maneno mengi. Mpira ukiupiga ukutani kwa mshazari unaruka kwa mshazari ule ule upande wa pili, na mwanga kwenye kioo ni hivyo hivyo, pembe ya kuingia sawa na pembe ya kutoka. Ukuta uliopakwa chokaa nao unaakisi, ila una vinundu, kila mwale unarushwa kwake, ndiyo maana ukuta unauona ila sura yako humo huioni.

Karibuni mchangie. Kupinda na rangi nimeviacha makusudi, najua maswali yatakuja.

Kijiwe Nongwa

Tuliokimbia umande tumekaa pale. Mimi HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) mwalimu, usinipige na hesabu.

Swali langu. Nikiwasha tochi usiku naona pale ukutani panang'aa, lakini katikati hapo, kati ya tochi na ukuta, sioni kitu. Mwanga si umepita pale? Kwa nini siuoni ukipita?

Mwl Kandili

Tumia swali letu. Mwanga umetoka kwenye tochi, unakwenda ukutani. Je, umeingia jichoni mwako? Hapana, umepita mbele yako na kwenda zake. Usipoingia jichoni huuoni, hata uwe mkali namna gani. Rusha unga kidogo hewani au piga tochi jikoni kwenye moshi wa kuni, utaona mkuki wa mwanga umesimama. Hapo unachoona ni chembe za moshi zilizogongwa, zikarusha kiasi cha mwanga upande wako.

Mama Pacha

Uzi mzuri. Ila hapa kwangu umeleta vita. Mmoja wa watoto wangu anasema jicho linatoa mwanga kweli, ushahidi ni paka wetu. Usiku macho yake yanawaka. Nimjibu nini?

Mzee wa Pangani

Mama Pacha, mwambie amfungie paka chumbani gizani kabisa, dirisha limezibwa, hakuna taa ya chaji wala simu. Hayawaki. Paka ana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga ulioingia, ili jicho liutumie mara ya pili. Wewe unaona yanawaka kwa sababu una tochi mkononi au taa ya barazani iko nyuma yako.

Na anayesema macho "yanazoea giza" nendeni Mapango ya Amboni, Tanga. Mkiwa ndani kabisa zimeni tochi zote. Kaeni mnavyotaka, hata kiganja mbele ya pua hamtakiona. Jicho huzoea mwanga hafifu. Pasipo na mwanga kabisa hakuna cha kuzoea.

Mama Pacha

Ahsante mzee wangu, shikamoo. Paka ameshaingizwa store. Nitaleta mrejesho.

Jahazi la Nne

Mimi ni mtoto wa mvuvi, Mafia. Baba alikuwa anachoma samaki kwa mkuki kwenye maji ya magotini, na jambo la kwanza alilotufundisha: samaki hayupo pale unapomwona. Lenga chini yake. Shuleni nilipofika kwenye kupinda kwa mwanga nilicheka, maana nilishaijua kabla ya kitabu.

Mwalimu hebu ielezee kwa hilo swali lako.

Mwl Kandili

Mkuu umenirahisishia.

Mwanga umemgonga samaki, unapanda kuja juu. Ndani ya maji unakwenda kama kilomita 225,000 kwa sekunde, ukiingia hewani unakwenda karibu 300,000. Pale kwenye uso wa maji mwendo unabadilika, na kama umekuja kwa mshazari unapinda. Unakuja jichoni kwa mwelekeo mwingine. Jicho halina habari kwamba njiani umepinda, linadhani umekuja umenyooka, linamweka samaki juu kuliko alipo. Ukichungulia wima kutoka juu, maji ya mita 1 yataonekana kama ya sentimita 75. Mtoto anayeingia mto au bwawa kwa kudhani ni kina kifupi hajapungukiwa akili, amedanganywa na mwanga. Hili wafundisheni kwa msisitizo, watoto wanazama.

Kuna utamu mwingine hapo ambao vitabu havina. Ukichukua tochi yenye mwali mwembamba ukailenga pale pale unapomwona samaki, mwanga unampata! Kwa sababu nao ukiingia majini unapinda njia ile ile uliyopitia ule uliokuja. Mkuki haupindi, ndiyo maana mkuki unamkosa.

Kwa walio mbali na maji: weka sarafu ya mia mbili kwenye bakuli lisilopitisha mwanga, rudi nyuma taratibu mpaka ukingo uifiche, simama hapo hapo usitikisike, mwenzako amimine maji polepole. Sarafu inapanda yenyewe.

Na yale maji unayoyaona mbele kwenye lami mchana wa jua kali, ukifika hakuna, yaani mazigazi, ni ndugu wa jambo hili. Hewa iliyogusana na lami ni ya moto, ya juu yake si ya moto hivyo, mwanga wa angani unapinda taratibu ukielekea juu kuja machoni. Unachokiona barabarani ni kipande cha anga.

Abu Zuhura

Naongezea la mstari mnyoofu, huku Unguja tunalitumia. Kila mwaka tarehe 28 Mei (mwaka mrefu, wenye siku 366, ni 27) saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, jua linakuwa wima juu ya Kaaba. Tena 16 Julai (mwaka mrefu 15) saa 6 na dakika 27. Simamisha kijiti wima kwenye uwanja ulio sawa, dakika hiyo tazama kivuli: ukitoka kwenye ncha ya kivuli kuja kwenye kijiti, hiyo ndiyo kibla. Saa za Saudia na zetu ni moja, hakuna hesabu ya kubadilisha. Madrasa wanafunzi wanaifanya wenyewe, na mwanga ungekuwa unapinda pinda njiani basi misikiti yetu ingeelekea kila mahali.

Mwl Kandili

Abu Zuhura, hii naiiba naipeleka darasani. Mungu akubariki.

Sanaa Daima

Mimi mwalimu wa sanaa. Naomba niulize kwa heshima. Sisi tunafundisha rangi za msingi ni nyekundu, njano na bluu. Anakuja mwalimu wa fizikia anawaambia watoto ni nyekundu, kijani na bluu. Mnatuvurugia watoto. Tangu lini nyekundu na kijani zikatoa njano? Changanya rangi hizo kwenye sahani uone utopolo utakaoupata.

Mwl Kandili

Mwalimu mwenzangu, wote tuko sahihi, ila vitu vyetu viwili.

Chukua simu yako, fungua picha ya njano tupu, skrini nzima. Chovya kidole majini, dondosha tone dogo sana kwenye kioo. Tone linakuza kama lenzi. Chungulia ndani yake: hakuna njano yoyote. Kuna vidoa vyekundu na vya kijani, vimewaka, na vya bluu vimezimika. Njano imepikwa jichoni, nyekundu na kijani vikiingia pamoja. Badilisha iwe nyeupe, vyote vitatu vinawaka. Hapo unaongeza mwanga juu ya mwanga.

Wewe ukipaka rangi unafanya kinyume, unapunguza. Rangi nyekundu ya kopo haitengenezi wekundu. Inapigwa na mwanga mweupe, inameza karibu zote nyingine, inarusha nyekundu. Ukiichanganya na ya kijani, ambayo inameza nyekundu, kinachobaki kuja jichoni ni kidogo. Ndiyo huo utopolo wako.

Mtoto akibisha mpeleke chumba chenye giza, simu iwe kijani tupu, amulike nyanya iliyoiva. Itakuwa nyeusi nyeusi hivi, inatisha. Nyanya inarusha nyekundu, na chumbani hakuna nyekundu ya kurusha.

Duka la Vitenge

😂😂 Sasa nimeelewa kwa nini wateja wangu wanasema "hebu kitoe nje nikione." Taa ya dukani ina njano nyingi, bluu kidogo. Na bucha zingine zinafunga taa nyekundu juu ya nyama, mnafikiri bahati mbaya?

Sanaa Daima

Nimefanya la tone la maji. Naondoa malalamiko kwa masharti: na wewe mwalimu uwaambie watoto kwamba kwenye kopo sheria ni nyingine.

Mkenya Halisi

Salamu kutoka Kisumu. Msichana wangu aliniuliza mbona upinde wa mvua hatuuoni saa za lunch, na mvua inanyesha jua likiwaka. Nikamwambia ni bahati tu. Kuna sababu?

Mwl Kandili

Ipo, na sisi wa karibu na ikweta inatuhusu kuliko Wazungu.

Newton alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu (kipande cha kioo cha pembetatu) mnamo miaka ya 1660 akaonyesha kwamba weupe ule umejaa rangi, na kioo kinazitenganisha tu kwa sababu kila moja inapinda kwa kiasi chake, urujuani zaidi, nyekundu kidogo. Tone la mvua linafanya vivyo hivyo: mwanga unaingia, unapinda, unaakisiwa ukutani kwa nyuma ndani ya tone, unatoka umepinda tena. Nyekundu inarudi ikiwa imefanya pembe ya karibu digrii 42 na njia uliyojia mwanga wa jua. Ndiyo maana lazima ulipe jua mgongo.

Sasa jua likiwa juu zaidi ya digrii 42, upinde wote unashuka chini ya upeo wa macho. Huku kwetu jua linapanda haraka. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri usiutafute angani. Asubuhi tazama magharibi, jioni tazama mashariki. Saa sita akitaka kuuona, achukue chupa ya kupulizia ya saluni au mpira wa maji, apulizie chini mbele yake huku jua liko mgongoni. Matone yakiwa chini ya macho, upinde unaonekana.

Bishoo wa Kitaa

Mnasema 300,000 kwa sekunde mnasema 300,000. Nani alikaa na stopwatch?

Mwl Kandili

Swali halali. Inasimuliwa kwamba Galileo alifikiria watu wawili wenye taa juu ya vilima. Haiwezekani, mwanga ungeizunguka dunia zaidi ya mara 7 ndani ya sekunde moja, mkono wa mtu utafanya nini?

Aliyefanikiwa kuonyesha kwamba mwanga unachukua muda ni Ole Rømer, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi Paris. Sayari ya Mshtarii (Jupita) ina mwezi uitwao Io, unaozama kwenye kivuli cha sayari hiyo kwa ratiba. Ila dunia yetu ikiwa inakwenda mbali na Mshtarii, ratiba inachelewa. Ikiwa inakaribia, inawahi. Mwaka 1676 Rømer akasema mwezi hauna kosa, ni mwanga unaotumia muda kuvuka umbali ulioongezeka. Siku hizi thamani yake imewekwa rasmi, tangu 1983: mita 299,792,458 kwa sekunde. Kutoka kwenye jua mpaka hapa ni dakika 8 na sekunde 20 hivi.

Kwa mtoto tumia radi. Mmweko unakufikia papo hapo, ngurumo inakuja kwa mita kama 340 kila sekunde. Hesabu sekunde kati ya viwili hivyo, gawa kwa 3, umepata kilomita. Pia mkumbushe kwamba sauti inahitaji hewa au kitu cha kupitia, mwanga wa jua umevuka mahali patupu kabisa.

Fundi Rimoti

Mmesahau mwanga usioonekana. Chukua rimoti ya TV, elekeza kwenye kamera ya simu, bonyeza kitufe. Kwenye skrini utaona kitaa kinamweka, kwa macho huoni kitu. Kamera kubwa ya nyuma ikikataa jaribu ya selfie, mara nyingi hiyo ndiyo inakubali.

Macho yetu yanapokea mawimbi ya kama nanomita 400 (urujuani) mpaka 700 (nyekundu) tu. Milimita moja ni nanomita milioni moja, piga picha udogo wake. Rimoti iko juu ya 900. Redio ya FM ni jamaa hao hao, ila wimbi lake lina kama mita 3.

Mwl Kandili

Safi fundi. Na upande wa pili, chini ya 400, kuna urujuanimno, unaounguza ngozi na kuharibu macho. Kwa hiyo majaribio yote niliyosema hayana kutazama jua. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena, kikamilifu huko Luxor, Jeddah na Makka, kwetu sehemu tu. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi, wala vioo vya kuchoma moshi. Tumieni boksi la tundu, jua likiwa mgongoni.

Mama Pacha

Mrejesho: macho ya paka hayawaki. Ila aliyeshindwa amekuja na jipya, na hapa baba yao pia amekwama. Kioo kinageuza kulia kuwa kushoto. Kwa nini hakigeuzi juu kuwa chini?

Mwl Kandili

Huyo mtoto mpeni soda.

Kioo hakigeuzi kulia na kushoto. Ufuate mwanga: wa mkono wa kulia unarudi upande huo huo wa kulia, wa kichwani unarudi juu. Kinachogeuka ni mbele na nyuma. Pua yako inatazama kaskazini, pua ya kiooni inatazama kusini.

Anachokiita kugeuza amekifanya mwenyewe. Akiandika jina kwenye karatasi anaisoma, halafu ili kioo kiione anaigeuza karatasi kama ukurasa, na hapo ndipo kulia kunakuwa kushoto. Aandike jina kwa maka pen kwenye bahasha ya plastiki ya kuwekea vyeti, aishike kifuani huku yeye anaisoma vizuri, asiigeuze, kisha atazame kioo kupitia kwenye hiyo plastiki.

Mama Pacha

Jina linasomeka sawa sawa kiooni!! Baba yao kaichukua bahasha, anajaribu na jina lake.

Kijiwe Nongwa

Kumbe ndiyo maana AMBULANCE wameliandika kinyumenyume mbele ya gari. Dereva wa mbele akitazama site mirror linasomeka. Miaka yote nilijua fundi alikosea stika.